Baridi Hula Chakula
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Buyangu, Kakamega

Miezi ya baridi inapoingia, malalamiko ya namna mbili hufika ofisini kwetu. La kwanza ni hili: "Ndama wangu anamaliza maziwa yote ninayompa, lakini haongezeki." La pili ni hili: "Vifaranga walikuwa wazima jioni. Asubuhi nimewakuta wamelundikana pembeni, na walio chini wamekufa." Wengine hushuku ugonjwa, wengine hushuku jicho la jirani. Ugonjwa waweza kuwapo, na ni lazima afisa wa mifugo aitwe aangalie. Lakini mara nyingi mwizi ni mwingine. Mwizi huyo ni baridi, na kitu anachoiba ni chakula ambacho kimekwisha kuingia tumboni.

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa magharibi. Kuanzia mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kugawanywa kuwa skimu za makao, jamaa nyingi za Kakamega zilihamia Lugari, na wengine baadaye wakanunua ardhi Trans Nzoia na Uasin Gishu. Walipanda mlima wakiwa na ng'ombe wao, kuku wao, na desturi zao za ufugaji. Desturi nyingi zilifaa. Nyingine zilikuwa za nchi yenye joto zaidi.

Tazameni hesabu hii. Buyangu, kando ya msitu wa Kakamega, iko kadiri ya mita 1,600 juu ya bahari. Kitale iko kadiri ya mita 1,900, Eldoret 2,100, na huko Kinangop nchi yapita mita 2,500. Kila tupandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 za sentigredi. Kwa hiyo mtu atokaye Buyangu akakaa Eldoret amepoteza nyuzi 3 hivi, na aliyefika Kinangop amepoteza 5 au zaidi. Nyuzi 5 si kitu kwa fahali aliyekomaa. Kwa ndama aliyezaliwa jana usiku wa mvua, ni jambo la kufa na kupona.

MWILI NI JIKO LISILOZIMWA

Mwili wa mtu mzima mwenye afya hukaa kwenye nyuzi 37 hivi, awe Mombasa au awe juu ya Mlima Kenya. Ng'ombe hukaa kadiri ya nyuzi 38 na nusu, na kuku kadiri ya 41. Joto hili halitoki juani wala katika blanketi. Latoka katika chakula. Blanketi halina moto wowote. Kazi yake ni kuzuia joto lako lisitoroke.

Jambo hili lilipimwa zamani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, mjini Paris, wataalamu wawili Wafaransa, Lavoisier na Laplace, walimtia mnyama mdogo, mfano wa panya mnene asiye na mkia, ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake. Kisha wakapima joto la makaa yaliyowaka ndani ya chombo hicho, wakilinganisha na hewa iliyotoka katika pumzi ya mnyama na hewa iliyotoka katika makaa. Wakaona ya kuwa mambo hayo mawili yanafanana: kupumua ni kama kuwaka moto polepole, bila mwali. Chakula ndicho kuni, na hewa tunayovuta ndiyo iuwezeshayo moto huo kuwaka.

Kuni hupimwa kwa mizigo. Moto wa mwili hupimwa kwa kalori. Kalori moja ya chakula ni joto liwezalo kupasha lita moja ya maji kwa uzi mmoja wa sentigredi. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kadiri ya kalori 3,500. Mtu mzima wa kilo 60, akilala kitandani siku nzima bila kufanya lolote, huchoma kadiri ya kalori 1,500 kwa ajili ya moyo, pumzi, ubongo, na joto la mwili. Akishika jembe siku nzima, hufika 3,000 au zaidi. Hayo ni matumizi yake mahali pasipo baridi. Baridi ikija, hudai sehemu yake juu ya hayo.

JOTO HUTOROKA KWA NJIA NNE

Njia ya kwanza ni kugusana. Ndama akilala juu ya saruji au udongo mbichi, sakafu humnyonya joto usiku kucha. Ndiyo maana nyasi kavu zina thamani: hewa iliyonaswa kati ya nyasi haipitishi joto upesi.

Njia ya pili ni upepo. Mwili huipasha hewa iliyo karibu na ngozi, ikawa kama nguo nyembamba. Upepo huja ukaivua nguo hiyo, na mwili ukaanza kuishona upya. Ufa mmoja ulio sawa na mgongo wa ndama waweza kumvua nguo hiyo mara elfu kwa usiku mmoja.

Njia ya tatu ni kuangaza. Kila kitu chenye joto hulitupa nje, kama vile unavyohisi joto la ukuta uliopigwa na jua hata kabla hujaugusa. Usiku usio na mawingu, ardhi na wanyama hutupa joto lao mbinguni. Ndiyo sababu asubuhi za Januari zaweza kuwa na baridi kali ingawa mchana wake ni wa jua. Mwezi wa Januari 2012, umande ulioganda uliunguza mashamba ya chai huko Kericho na Nandi. Paa, hata la nyasi lisilo na kuta, huzuia sehemu kubwa ya hasara hii.

Njia ya nne ni kukauka kwa maji. Hii ndiyo watu wengi huidharau, nayo ndiyo kali kuliko zote. Ili lita moja ya maji ikauke juu ya ngozi, huhitaji kadiri ya kalori 580. Tuseme mtoto amenyeshewa akirudi kutoka shule, na nguo zake zimeshika nusu lita ya maji. Nguo hizo zikikaukia mwilini, zitahitaji kadiri ya kalori 290, na sehemu kubwa ya joto hilo itatoka katika mwili wake. Kalori 290 ni sawa na gramu 80 hivi za unga wa mahindi. Yaani sehemu nzuri ya ugali wake wa mchana imetumika kukausha shati. Kumvua nguo mbichi na kumvika kavu ni sawa na kumpa chakula.

MWILI HUJITETEA VIPI?

Mwili haukimbilii kuchoma chakula mara moja. Kwanza hujaribu kuweka akiba. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujifunga, na damu yenye joto hubaki ndani karibu na moyo na ini. Ndiyo maana vidole na masikio hupoa kwanza. Kisha vinyweleo husimama. Kwetu watu hilo halisaidii sana, lakini manyoya ya ndama na kuku yakisimama hunasa hewa, yakawa mazito kama blanketi nene. Manyoya yakilowa hulala, na blanketi hilo hupotea.

Wanyama pia husongamana. Huku kwetu magharibi wako ndege wa rangi ya kijivujivu wenye mkia mrefu, waitwao pasa. Usiku hulala wameshikamana kama zabibu katika shada moja, na chakula kikiwa haba huacha joto la mwili wao lishuke ili wasimalize akiba. Asubuhi huning'inia matawini wameelekeza tumbo kwenye jua, wapate joto la bure. Ndama hawezi kuacha joto lake lishuke hivyo na kupona, lazima alipe.

Njia hizo zikishindwa, ndipo mwili huongeza kuni. Misuli huanza kutetemeka. Mtu anayetetemeka kwa nguvu aweza kutoa joto kufika mara tano ya lile alilotoa akiwa ametulia. Lakini kutetemeka ni kazi kama kulima: humaliza chakula kilichopo, kisha mafuta ya mwili, kisha nyama yenyewe ya misuli.

Hapa ndipo mkulima aelewe vizuri. Mwili wa mnyama una wadai wengi: joto, kukua, kunenepa, kutoa maziwa, kutaga mayai. Baridi ni mdai asiyengoja. Yeye hulipwa kwanza, na wengine hugawana kilichobaki. Kikibaki kidogo, kukua husimama na mayai hupungua. Kisipobaki kitu, mwili hujila wenyewe. Na ukishindwa hata hapo, joto la ndani huanza kushuka. Mtu akishuka chini ya nyuzi 35 yuko hatarini: akizidi kushuka, kutetemeka hukoma, usingizi humshika, na wanaomtazama hudhani amepata nafuu.

KIAZI KIDOGO HUPOA KWANZA

Toa chunguni viazi viwili, kimoja kikubwa kama ngumi na kingine kidogo kama yai la njiwa. Viweke mezani. Kidogo kitapoa upesi, ingawa vilikuwa na joto moja. Sababu ni kwamba kitu kidogo kina ngozi nyingi kuliko kitu kikubwa, ukilinganisha na uzito wake, na joto hutokea kwenye ngozi. Kwa hiyo kifaranga hupoa kuliko kuku, ndama kuliko mama yake, na mtoto mchanga kuliko baba yake. Tena kidogo hana akiba ya mafuta mwilini.

Mwenyezi Mungu hakuwaacha wachanga hivi hivi. Mtoto wa mtu hawezi kutetemeka sawasawa, lakini huzaliwa na mafuta ya rangi ya kahawia, shingoni, kati ya mabega, na karibu na figo. Mafuta meupe ya kawaida ni ghala. Haya ya kahawia ni jiko. Kazi yake ni kuchoma chakula na kutoa joto bila misuli kusogea. Ndama na mwanakondoo nao huzaliwa nayo. Lakini ni akiba ya muda mfupi, na baada yake lazima maziwa ya kwanza, yaani dang'a, yawe yameingia tumboni. Dang'a ina mafuta na protini nyingi, na humpa ndama kinga ya magonjwa. Ndama aliyechelewa kunyonya usiku wa baridi amepungukiwa kuni na ngao pamoja.

Wenye nguruwe wazingatie zaidi. Mtoto wa nguruwe hana mafuta hayo ya kahawia ya kumpa joto. Anategemea kutetemeka tu, naye huzaliwa karibu bila manyoya. Katika siku za kwanza anataka mahali penye joto la kadiri ya nyuzi 32 hadi 34. Asipopata, humwendea mama yake na kulala chini ya ubavu, na mama akigeuka humlalia. Wengi husema nguruwe huyo jike ni mbaya, ameua watoto. Pengine ubaya ni wa banda. Watengenezee pembe yao yenye nyasi kavu nyingi na kizuizi ambacho mama hawezi kupita.

TUFANYE HESABU YA NDAMA

Sasa tumrudie ndama asiyeongezeka. Ndama wa kilo 40 anahitaji kadiri ya lita 2 na nusu za maziwa kila siku ili aishi tu, bila kuongezeka hata kidogo. Hesabu hiyo ni ya mahali pasipo baridi, yaani nyuzi 15 hadi 20 au zaidi, pakavu na pasipo upepo. Chini ya hapo, katika wiki tatu za kwanza, lazima achome zaidi. Kwenye nyuzi 10, nyongeza hiyo yafika kadiri ya robo.

Robo ya lita 2 na nusu ni zaidi kidogo ya nusu lita. Tuseme lita 0.6. Kwa hiyo ndama aliye baridini anahitaji lita 3.1 ili aishi tu. Fikirini wakulima watatu.

Wa kwanza humpa ndama wake lita 4 kwa siku, na banda lake ni kavu lenye joto. Lita 2.5 ni za kuishi, na lita 1.5 ni za kukua. Ndama huyo anakua.

Wa pili humpa lita 4 vilevile, lakini banda lake ni bichi na upepo wapita. Lita 3.1 zimekwenda kwenye baridi na kuishi, na 0.9 tu imebaki kwa kukua. Ndama wake anakua, lakini polepole.

Wa tatu humpa lita 3, kwa kuwa anataka maziwa ya kupeleka kwenye kiwanda, na banda lake ni kama la yule wa pili. Ndama wake anakunywa maziwa yote na haongezeki. Kila siku anapungua kidogo. Kichomi kikija, kinamkuta hana nguvu. Huyu ndiye mwenye lalamiko lile la kwanza.

Kwa wiki tatu, baridi hula kadiri ya lita 13 za maziwa kwa ndama mmoja. Zidisheni na bei ya maziwa ya huko kwenu. Kisha linganisheni na bei ya mizigo michache ya nyasi kavu, magunia makuukuu ya kuziba upande wa upepo, na kazi ya nusu siku. Mtaona ya kuwa joto la nyasi ni rahisi kuliko joto la maziwa. Na ikiwa huwezi kutengeneza banda upesi, basi ongeza maziwa miezi ya baridi, ukigawanya mara tatu kwa siku badala ya mbili, na yawe na joto kama la kiwele. Maziwa baridi humlazimu ndama kuyapasha mwenyewe tumboni.

MAHALI PA KUJENGA BANDA

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku huteremka polepole kama maji na kujaa mabondeni. Kwa sababu hiyo usijenge banda la ndama chini kabisa karibu na mto, hata kama maji yako karibu. Chagua mteremko, mahali ambapo jua la asubuhi hufika mapema. Ukuta mzima uwe upande upepo utokako, na upande wa pili uwe wazi kwa juu ili hewa ibadilike. Banda lililozibwa pande zote hujaa mvuke na harufu ya mkojo, na mapafu ya ndama huumia. Hewa safi ipite juu ya vichwa vyao, si juu ya migongo yao.

Matandiko yapimwe kwa magoti. Piga magoti juu ya nyasi kwa muda mfupi. Suruali ikilowa, matandiko hayo si matandiko tena. Ongeza makavu. Ndama akilala na miguu yake isionekane kwa wingi wa nyasi, hapo umefanya vema.

VIFARANGA

Kifaranga wa siku chache hawezi kushika joto la mwili wake mwenyewe. Mama yake ndiye jiko lake. Ukiwanunua bila mama, wewe ndiwe mama. Wiki ya kwanza, joto mahali walipo liwe kati ya nyuzi 32 na 35, kisha upunguze kadiri ya nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamwote.

Ikiwa huna kipima-joto, vifaranga wenyewe ni kipima-joto. Wakilundikana chini ya taa au jiko na kulia kwa nguvu, wana baridi. Wakikimbilia mbali na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakisongamana upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, wakila na kunywa na kulala hapa na pale, joto ni sawa. Watazame usiku wa manane na alfajiri, maana jioni wote huonekana wazima. Tena zungushia mahali pao ukuta wa duara wa karatasi ngumu au mkeka. Vifaranga wenye baridi hukimbilia pembeni, na walio juu huwakanyaga walio chini. Duara halina pembe.

NYUMBANI KWETU

Yaliyosemwa juu ya ndama yatuhusu na sisi wenyewe. Mtoto akizaliwa, akaushwe mara moja na awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na wote wafunikwe. Asioshwe siku ile. Shirika la Afya Duniani lashauri kungoja saa 24. Mwaka 1978, hospitalini mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, mahali palipokuwa na upungufu wa mashine za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka kifuani kwa mama zao, kama kangaruu abebavyo mtoto wake. Njia hiyo imeenea ulimwenguni na hospitali za Kenya zaitumia. Kifua cha mama hakihitaji umeme wala hakipimwi kwa shilingi.

Wazee nao waangaliwe. Misuli yao imepungua, kwa hiyo hutetemeka kidogo, na ngozi yao haihisi baridi kama zamani. Mzee aweza kuwa amepoa bila kusema neno. Mpe uji kabla hajalala, soksi, na kofia.

Sasa onyo kubwa. Usiingize jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa na kulala nalo, wala usiwaache watoto walale nalo. Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta akiwa usingizini haamki. Kadhalika katika chumba cha vifaranga: weka jiko, lakini acha mahali pa hewa kutokea kwa juu.

MASWALI YA WAKULIMA

Swali: Je, ng'ombe wangu wa maziwa aliyekomaa anahitaji kufungiwa ndani kwa sababu ya baridi?
Jibu: Hapana. Ng'ombe mkubwa ana pipa la kuchachua majani tumboni mwake, na kazi hiyo hutoa joto jingi. Akiwa mkavu na ameshiba, baridi ya nchi yetu haimtishi. Mpe majani makavu ya kutosha jioni, na mahali pakavu pa kulala. Tumia mbao zako kwa ndama.

Swali: Chai hupasha mwili joto kweli?
Jibu: Fanya hesabu. Kikombe cha robo lita chenye nyuzi 60 kinapopoa tumboni hadi 37 hutoa kadiri ya kalori 6 tu. Vijiko viwili vidogo vya sukari vina kadiri ya kalori 35, na maziwa huongeza nyingine. Kwa hiyo kinachokusaidia zaidi ni kilicho ndani ya chai kuliko moto wake. Uji wa unga na maziwa hushinda chai.

Swali: Na pombe kali?
Jibu: Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Damu yenye joto hukimbilia nje, mnywaji huona raha, na joto lake hutoroka. Mlevi aliyelala kando ya njia usiku wa baridi yuko katika hatari kubwa kuliko asiyekunywa.

Swali: Nimesikia mtu mnene akikaa baridini atapungua. Ni kweli?
Jibu: Mwaka 2009 wataalamu wa Ulaya na Marekani walionyesha kwamba hata watu wazima wengi wana mafuta kidogo ya kahawia, nayo huamka wakati wa baridi. Lakini ni machache, na baridi huongeza njaa. Atakayepungua kilo kwa baridi atazirudisha kwa sufuria. Jembe ni dawa bora.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA BARIDI

1. Kata na kausha nyasi za matandiko wakati wa jua, uzihifadhi mahali pasipovuja.
2. Zunguka banda siku ya upepo ukiwa umelowesha mkono. Mahali mkono utakapohisi baridi ndipo ufa ulipo. Ziba.
3. Ndama anyonye dang'a mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache za kwanza. Mkaushe kwa gunia safi.
4. Ongeza maziwa ya ndama wachanga siku za mvua na baridi.
5. Weka vifaranga katika duara, na uamke usiku kuwatazama.
6. Watoto wakinyeshewa, wavue nguo mbichi kabla ya jambo jingine.
7. Jiko la makaa lilale nje.

Kazi hizi hazihitaji mkopo wala ruhusa ya ofisi. Nyasi ziko, magunia yako, na mikono iko. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji wa nchi ya baridi, ufa usiozibwa leo hulipwa kwa maziwa kila usiku, na mwisho hulipwa kwa ndama.